Sega la Anti Nurjehan na Moto wa Mzee Wanyonyi

Kabla sijahamia nyumba ya Anti Nurjehan kule Kenton, Landani, nilidhani naujua moshi. Nimezaliwa Meru, katika jiko la mama yangu lenye masizi ya kuning'inia darini, na macho yangu yalikuwa mekundu mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Kwa hiyo siku ya kwanza aliponitoa nje na kandambili zangu nikaangalie dohani yake, nilimwona bibi mpweke anayetafuta mtu wa kumpotezea muda. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, nina usingizi na nina hasira.

"Gakii," akaniambia, "angalia juu, halafu uniambie unaona nini."

Niliangalia. Anga la kijivu, matofali, njiwa mmoja. Nikamwambia sioni kitu. Akasema basi turudi ndani, na huko ndani, nyuma ya kioo cha jiko lake la chuma, moto ulikuwa unawaka kiasi cha kuchoma ng'ombe mzima. Nikatoka nje tena bila kuambiwa. Juu ya dohani hewa ilikuwa inatetemeka kidogo, kama inavyotetemeka juu ya lami jua likiwa kali, na hapakuwa na zaidi ya hilo. Moshi haukuwapo. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, kazi ya uuguzi imenitoa tabia hiyo, lakini siku ile nilisimama uani hadi vidole vya miguu vikafa ganzi.

Anti Nurjehan alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la vipuri vya baiskeli, na Kiswahili chake ni cha huko: kimenyooka, hakina salamu nyingi, na akikasirika kinaingiliwa na Kigujarati. Alikuja Landani akiwa bibi harusi mpya wa Sadrudin, fundi wa bati. Walianza na chumba kimoja Kingsbury, akafanya kazi miaka mingi kiwandani akiunganisha redio, akalea wana wawili ambao sasa wako Toronto, wanaoelewa Kiswahili na Kigujarati vizuri sana na kujibu vyote kwa Kiingereza. Jiko lile lilikuwa kichaa cha Sadrudin. Aliliona kwa nduguye Kanada, akarudi hapati usingizi, mpaka likaletwa, likafungwa na fundi mwenye cheti, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile akatoka bila kuhubiriwa habari za moshi.

Sadrudin alikufa wakati wa korona. Alizikwa watu wakihesabika kwa vidole, na mkewe hakuwa miongoni mwao, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kitandani na homa ileile. Jambo hili alinieleza mara moja tu, akiwa ananipa chai, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekuelekeza kituo cha basi. Baada ya hapo jiko likawa lake, na mahubiri pia.

Siri yenyewe iko juu ya moto, nyuma ya bamba la chuma. Mafundi wanaiita katalisti. Anti anaiita sega, na ukishaiona huwezi kuipa jina jingine: kitu cha kauri, duara la chapati, unene wa ngumi, kimetobolewa vitundu vidogo vya mraba kutoka upande huu hadi ule, vingi mno, vimepangana kama kazi ya nyuki wenye rula. Ndani ya vitundu hivyo mmepakwa madini adimu, jamii ya yale wanayofanyia pete za matajiri, upako mwembamba kiasi kwamba hata ukikodoa macho huuoni. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, unashika moto.

"Moshi ni kuni bado," Anti alikuwa akisema. "Watu wanatupa kuni juu ya paa, halafu wanalia baridi."

Nilipoliona sega linafanya kazi mara ya kwanza nilichuchumaa mbele ya kioo. Moto chini umetulia, kuni zinachemka tu, na kule juu sega limekuwa jekundu, jekundu la ndani, linajila lenyewe bila kuisha. Lilikuwa linakula kile kilichomfanya mama yangu akohoe maisha yake yote. Nilimfikiria mama, nikataka kulia, na nikasema ni usingizi.

Mpangaji mwingine alikuwa Titus, Mbukusu wa Kimilili, dereva wa basi, mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa maneno, ambaye sauti yake tuliisikia hasa akijizoeza nyimbo za kwaya bafuni. Anti alitupenda wote wawili kwa namna yake, yaani alitugombeza sawasawa. Kuni zake zilikaa bandani misimu miwili ya joto kabla hazijaruhusiwa ndani. Mbao zenye rangi hazikukaribia jiko, wala magazeti ya kung'aa, wala maboksi. Ukiwasha, kwanza ulifungua kilango cha pembeni ili moshi wa mwanzo, ambao bado ni baridi, upande juu moja kwa moja bila kupita kwenye sega. Mshale wa kipimajoto ukifika mahali panapostahili ndipo ulikifunga, na hapo sega likaanza kula. Ukikifunga mapema unalishibisha masizi. Niliona ni masharti kama ya kulea mtoto mchanga, na nilimwambia hivyo. Akasema mtoto angekuwa rahisi, angalau hulia.

Halafu baba yake Titus akafariki.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Novemba. Kaka yake, Lawrence, alipiga simu kutoka nyumbani akasema mzee Wanyonyi amekata roho akiwa ameketi, kikombe cha chai mkononi, na mazishi ni Jumamosi. Titus hakuweza kwenda. Maombi yake ya kuongezewa kibali cha kukaa yalikuwa bado hayajajibiwa, na ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu unahesabiwa umeyaondoa mwenyewe. Angezika baba na kazi siku moja, na wanawe wanasoma kwa kazi hiyo. Alituambia haya akiwa amesimama mlangoni mwa sebule na sare yake ya kazi, kofia mkononi.

Kwao, mtu mzima akifa, moto huwashwa uani siku hiyohiyo. Huletwa gogo kubwa la kuungua polepole, wanaume hulala kando yake, na hauachwi uzimike mpaka marehemu awe ardhini. Katika ukoo wa Titus husema moto huo ukifa mapema, mzee ameachwa gizani peke yake.

"Anti," akasema, "naomba niwashe moto wa mzee hapa kwako. Mpaka Jumamosi. Hauwezi zimika."

Anti hakuuliza habari za dini wala za kuni. Aliuliza, "Baba yako anaitwa nani?"

"Wanyonyi."

"Washa," akasema, kisha akachukua mtandio wake akaenda jamatkhana kusali.

Pale ndipo jambo lilipoharibika, na liliharibika kwa heshima. Titus alizijua kuni za Anti, zile kavu zinazolia zikigongana, lakini machoni pake zile zilikuwa kuni za kuota moto, si kuni za msiba. Moto wa mzee unataka gogo. Akaenda nyuma ya kanisa lake, ambako walikuwa wamekata mti juma lilelile, akarudi na gogo bichi linalovuja maji, zito la kumpinda mgongo mtu wa kiasi chake. Aliliweka juu ya makaa, akabana hewa ili liungue polepole kama la nyumbani, akafunga kilango kama alivyofundishwa. Anti aliporudi alimkuta amelala sakafuni kando ya jiko, amejifunika blanketi. Hakutaka kumwamsha. Aliona wekundu nyuma ya kioo, akazima taa.

Jumatano asubuhi moshi ulikuwa umelala juu ya paa letu kama godoro. Wa manjano, mzito, hautaki kupanda, na upepo ukausukuma upande wa Mahir, jirani yetu wa ukuta mmoja. Mahir ana binti mdogo mwenye pumu. Alikuja kubisha hodi, akaomba radhi kwa kutusumbua, akasema dohani yetu haijawahi kutoa moshi miaka yote, na je, kuna tatizo, kwani mtoto amekohoa tangu alfajiri. Laiti angekuja na matusi ningejua la kumjibu. Nilimwambia amfungie mtoto chumba cha mbele na ampe dawa yake, na kifua kikizidi kubana anigongee.

Anti alijaribu kwanza njia nyepesi. Alitoa kipande kilichobaki cha lile gogo kikitoa povu, akakipeleka bustanini kwenye mvua, akalisha jiko kuni kavu ili moto mkali uunguze masizi. Mara nyingi hiyo hutosha. Tulikaa tukiutazama mshale ukipanda. Sega halikuwa jekundu. Alipofungua mlango kidogo, moshi ulirudi sebuleni ukatukaba sote.

"Vitundu vimeziba," akasema. "Masizi na majivu, pamoja. Hili sasa ni la kutoa, kusafisha. Na jiko lazima lipoe kabisa kwanza."

Titus alielewa kabla yangu. Alikuwa amechuchumaa, na alikaa hivyohivyo.

"Anti, sikuweza kwenda kumzika. Hata moto pia nishindwe?"

 Upande mmoja wa ukuta kulikuwa na kifua cha mtoto, upande wa pili mzee Wanyonyi, na katikati kitu cha kauri cha ukubwa wa chapati. Mimi moyoni nilishaamua, nitasema kweli: aliye hai kwanza, moto uzimwe. Nilikuwa nafungua mdomo Anti aliponitangulia.

"Nani amesema kuzima?" akamuuliza Titus. "Utahama tu. Gakii, nenda bandani, nyuma ya baiskeli ya Sadru, ulete jiko."

Lilikuwa jiko la makaa la kwetu, la udongo lenye koti la bati, alilolibeba kutoka Kisumu safari yake ya mwisho, akiwa amelifunga ndani ya kanga. Tulihamisha makaa yote kwa koleo, moja moja, Titus akiyapokea kama anayepokea watoto. Nililazimisha jiko likae nje, chini ya kijipaa cha mlango wa nyuma, kwani nimeona hospitalini watu walioingiza makaa ndani ya nyumba zilizofungwa, na sikutaka msiba wa pili. Usiku ule Titus alilala kitini kwenye kizingiti, mlango wazi, akilisha makaa vijiti vikavu. Asubuhi alikuwa na zamu. Alituachia moto mimi na Anti, akageuka kuutazama mara mbili kabla ya kufika getini.

Jiko la ndani lilikuwa baridi. Anti alijifunga barakoa, akanifunga na mimi, akatandika shuka kuukuu mezani. Alifungua kifuniko cha juu, akafyonza majivu yaliyolegea, akaondoa bamba, kisha akaingiza mikono yote miwili akatoa sega taratibu, bila kulivuta, akilishawishi. Lilikuwa jeusi upande wa chini na kijivu upande wa juu. Alilinyanyua dirishani. Mwanga haukupita.

Mimi ni mtu wa kusugua. Kwetu sufuria isipong'aa mpaka ujione uso, mama mkwe anapata hadithi. Nilikuwa tayari nimeshika waya wa kusugulia nilipopigwa kofi mkononi.

"Ukisugua unatoa upako," Anti akasema. "Utabaki na tofali lenye matundu. Tofali halili moshi."

Akachukua brashi laini ya kupakia rangi, ile pana, akaanza. Alikuwa akipapasa tu. Majivu yalitoka kwa vumbi jepesi, akageuza, akapapasa upande wa pili, akapuliza kidogo kwa mdomo kama anayepoza uji wa mtoto, na yote yaliyotoka aliyakusanya ndooni. Hakuchokoa kitundu hata kimoja. Akalinyanyua tena dirishani, na safari hii katikati palikuwa na nyota chache. Nasema nyota kwa sababu sina neno jingine: vitundu vilivyofunguka viliuleta ule mwanga hafifu wa Novemba ndani ya sebule, kila kimoja na tone lake. Lakini kingo zilibaki nyeusi.

"Siki," akasema.

Alikuwa na sufuria maalumu ambayo haipikwi chakula. Akachanganya siki na maji yale yaliyosafishwa ya kutia kwenye pasi, nusu kwa nusu, akaliweka sega humo, akaacha lichemke kwa moto mdogo, madirisha wazi, nyumba yote ikinuka kachumbari. Wakati linachemka ndipo mvua ilipoanza, mvua ya upepo, inayokuja kwa ubavu. Nilikimbilia mlango wa nyuma. Kijipaa hakikuwa kinasaidia kitu. Matone yalikuwa yanaanguka juu ya makaa, tss, tss, na kila tone lilizima jekundu likaacha jeusi.

Nilimwita Anti kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alitoka amevaa koti kubwa la mumewe, ndoo ya majivu mkononi. Nilitegemea alete mwavuli, alete bati, alete kuni. Alimimina majivu. Ya jikoni, na yale tuliyoyapapasa kutoka kwenye sega, yote, juu ya makaa, mpaka hakuna kilichoonekana isipokuwa kijivu. Ndipo akafunika jiko kwa kifuniko cha bati, akaliburura hadi kwenye kona ya ukuta.

"Umeuzika," nikamwambia. 

"Kisumu, mama aliyekuwa akipika kwetu alifanya hivi kila jioni," akasema. "Asubuhi hakuomba kiberiti."

Sikumwamini. Kisumu hakukuwa na mvua ya Kenton, wala makaa yaliyokwisha kulowa. Tulirudi ndani, na kuanzia hapo mimi nilikuwa na kazi moja, ya kumharakisha. Sega likatolewa kwenye siki, likachemshwa tena katika maji matupu yaliyosafishwa ili siki itoke, likatolewa, likaachwa lichuruzike. Lilikuwa limerudi rangi yake. Nikasema basi, turudishe, tuwashe, moto wa watu unakufa huko nje. Anti akawasha oveni joto la chini, akalipanga sega ndani, akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Likiwa na maji ndani, joto litalipasua," akasema. "Halafu tutakuwa na nini? Hatuna moto, hatuna sega."

Nilimchukia kidogo, naye alijua. Alikaa pale mikono mapajani huku mimi nikienda mlango wa nyuma na kurudi, nikigusa lile bati la kifuniko, nikihisi ubaridi wake. Kila nikirudi nilimkuta vilevile. Sijui ni subira ya aina gani ile. Mimi nimefanya kazi chumba cha wagonjwa mahututi na sijaiona.

Titus alirudi alasiri, sega likiwa limekauka na Anti analizungushia mkanda mpya wa kuziba moshi usipite pembeni. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka nyuma moja kwa moja, na nilimsikia akiinua kifuniko.  Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye kizingiti kilicholowa, sare na yote, macho kwenye majivu yale ya kijivu yaliyopoa.

"Umekufa," akasema. Hakumwambia mtu.

 Nilimwekea mkono begani.

Anti alikuja na kijiko kikubwa cha chuma. Alipiga magoti kwa taabu, akishika ukuta, akaanza kuondoa majivu ya juu, yale yaliyolowa na kugandamana. Chini yake yalikuwa makavu. Akaondoa hayo. Yaliyofuata yalikuwa na uvuguvugu. Nilijua kwa jinsi mkono wake ulivyopunguza mwendo. Kaa jeusi. Jingine jeusi. Akaligeuza jingine, dogo, halizidi dole gumba, na tumbo lake lilikuwa jekundu.

 Lile jekundu lilikuwa dogo mno hata niliogopa kulitazama sana. Yaleyale majivu yaliyolikaba sega, yaliyomkohoza mtoto wa Mahir, yalikuwa yameketi juu ya kaa lile mvua nzima yakalilinda. Nimeona watu wakirudi kutoka mbali hospitalini, nikaandika namba zao na kuendelea na kitanda kinachofuata. Kwa kaa lile nilisimama mvuani nikasema asante Mungu kwa Kimeru.

Anti alimpa Titus kijiko. "Ni wako. Ingiza."

Alilibeba ndani akiwa amelikinga na kiganja, akalilaza juu ya vijiti vikavu vyembamba, kuni za Anti safari hii, akapiga magoti akapuliza. Alipuliza kwa pumzi ndefu ya mtu wa kwaya. Ukatoka uzi wa moshi, kisha mwali mmoja, kisha vijiti vikaanza kuzungumza. Kilango kilikuwa wazi. Tuliutazama mshale ukipanda, na ulipofika mahali pake Anti akamwambia sasa, na Titus akafunga.

Sega lilikaa giza. Likakaa giza bado. Mimi nilishaanza kuhesabu makosa yetu. Halafu katikati pakaja rangi ya udongo wa Meru, ikawa rangi ya kutu, ikatambaa hadi kingoni, na duara zima likawaka kimya kimya juu ya moto wa mzee Wanyonyi. Tulitoka nje. Mahir alikuwa uani kwake amembeba bintiye, wote wawili wanaangalia juu. Juu ya dohani hewa ilikuwa inatetemeka, basi. Mtoto akatupungia mkono.

Jumamosi Titus alivaa suti. Tuliegemeza simu yake kwenye kipimajoto cha akiba, juu ya meza, na Mahir alileta sufuria ya wali akakaa nasi ingawa haelewi neno. Tuliona jeneza, tuliona miavuli, tulisikia wanakwaya wakikatika kila mtandao ulipoyumba. Titus aliimba nao sauti ya chini, peke yake, sebuleni Kenton. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Lawrence akachukua simu, akatembea nayo mbali na watu. Uso wake ulijaa kioo chote.

"Titus, kuna kitu sijakwambia. Alhamisi hapa kulinyesha vibaya. Maji yalipita uani yakabeba mpaka gogo. Moto wa mzee ulizimika. Tuliwasha mwingine na kiberiti, na wazee wakanyamaza tu." Akasogeza simu mdomoni. "Wa kwako je?"

Titus aligeuka akatazama jiko, kana kwamba hata yeye hakuwa na hakika.

"Haujazimika," akasema.

Lawrence alijifuta uso kwa kiganja. Nyuma yake watu walikuwa wanapanga viti.

"Basi ni wewe umemlaza baba," akasema.

Titus alilia hapo kwa sauti, mbele yetu sote, kama ambavyo angelia kwao. Tulimwacha. Alipotulia aliosha uso, akaja kukaa mbele ya jiko, akasema kazi imekwisha, sasa uachwe uishe wenyewe. Hakuongeza kuni. Sega likaanza kupoteza wekundu kutoka kingoni.

Anti alikuwa amekaa nyuma yetu na kikombe chake. Nilidhani anasinzia.

"Titus," akasema. "Wanyonyi amelala. Sadru hakuwashiwa."

 Titus alimtazama, kisha akanyanyuka akaenda bandani. Alirudi na kuni mbili kavu, akafungua kilango kwanza kama alivyofundishwa, akaziweka juu ya makaa ya baba yake. Akamuuliza Anti, kwa heshima, jina kamili la mzee Sadru. Usiku ule alilala tena sakafuni kando ya jiko, na asubuhi nikitoka kwenda kazini nilimkuta Anti amelala kitini karibu naye, amefunikwa lile koti kubwa, na juu ya paa hapakuwa na moshi.